Nani Ananawa Kwenye Sinki?

Wewe, umenawa mikono? Siulizi kwa ajili ya chakula. Nauliza kwa sababu Jovina, sista mkuu wa chumba cha mahututi katika hospitali ndogo ya wafadhili kwenye barabara ya kwenda Ras Mkumbi, aliulizwa swali hilohilo saa saba mchana, jua likiwa utosini, na aliyemuuliza hakuwa mtu.

Lilianza jambo dogo: sabuni ililowa.

Wiki ile maji yalikuwa yamekatika. Bomba lilikohoa hewa tu, na ndoo za kunawia ziliwekwa nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Lakini Jumatatu Jovina alikuta kipande cha sabuni juu ya sinki kavu kina povu bichi.

"Nani kanawa hapa?"

Mle ndani alikuwemo Mbaraka peke yake, hajitambui. Huyu alikuwa askari wa Hifadhi ya Bahari, aliyenusurika baruti za wavuvi haramu miaka sita akaja kugongwa na bodaboda sokoni Kilindoni. Walimtoa wengu, kidonda kikaenda vizuri. Siku ya nne homa ikapanda, akatetemeka hadi kitanda kikalia.

Kitanda cha dirishani. Mwezi huohuo alikufia hapo mzee Ussi, na kabla yake mwalimu mmoja wa Bweni; wote kwa homa ya namna hiyo, wote wakiwa na mpira shingoni, ule mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa kupitishia dawa. Watu wakasema ni jini: chumba kilipojengwa ulikatwa mti wa mkungu uliokuwa na wenyewe. Jovina, mzaliwa wa Muleba, Mkatoliki wa kila Jumapili, hakuamini hata chembe. Lakini wakimuuliza, alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Labda ni huyo wa mkunguni." Jini alimfaa. Palipo na jini, muuguzi haulizwi.

Maana pembeni ya kitanda ilining'inia karatasi. Kila siku muuguzi alitakiwa anawe, asugue mdomo wa mpira kwa spiriti, akague bandeji inayoufunika na kuibadilisha ikichafuka, kisha ajiulize: mpira huu bado unahitajika, au utolewe leo? Akimaliza, atie alama ya vema. Wakaguzi walishuka na ndege, wakazisifia karatasi za Jovina, wakampa cheti chenye fremu. Hawakujua kwamba vema zote saba za wiki alizitia Jumatatu asubuhi, amekaa, kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyewahi kusoma zaidi ya mstari wa siku ile. Na hatua kumi ni mbali sana ukishakuwa na cheti.

Jumanne ikaja harufu. Asumini, kali, kama bibi harusi kapita; na chini ya asumini, kitu kilichooza.

Jumatano saa saba, wenzake wamekwenda kula, Jovina akasikia bomba likifunguliwa, na maji, yale maji yasiyokuwepo, yakaanza kumwagika, na ndani ya maji viganja vikasuguana, polepole, kiganja juu ya kiganja, vidole kati ya vidole, kucha, vifundo, mpaka viwiko, vilevile alivyofundishwa yeye chuoni na vilevile ambavyo hakuwa amefanya tangu cheti kipigiliwe ukutani, na alipogeuza shingo hapakuwa na mtu, ila nyayo za maji zikitokeza sakafuni moja moja kuelekea dirishani, zikasimama ubavuni mwa Mbaraka, na mpira wa shingoni ukanyanyuka taratibu, kama umeshikwa na mtu anayeukagua.

Hakumwambia mtu.

Alhamisi, saa saba tena, Daktari Muhidini akasoma karatasi. "Sista, bandeji ilikaguliwa jana, ni safi?"

"Imeandikwa hivyo, daktari."

"Basi homa haitoki kwenye mpira. Ni mapafu. Nabadilisha dawa." Akashusha sauti. "Nikiwa nimekosea, kesho hatuko naye."

Mlangoni alisimama Somoe, mke wa Mbaraka, akiwa na baba yake mdogo, Mzee Mfaume, mganga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nipatieni maji ninawe."

"Yamekatika. Ndoo iko nje."

Mzee akatoka, akanawa, akarudi akichuruzika maji viwikoni. Akaikodolea macho sabuni yenye povu juu ya sinki. "Heh! Humu jini ananawa, nyie mwangoja bomba?"

"Mfukize, baba," Somoe akanong'ona. "Ananimalizia mume wangu."

"Mkungu hauna neno. Huyu kaitwa. Mtu kamtaja ili ajifiche nyuma yake, na jini akipewa kazi huja kuishika. Ubani wangu haumtoi. Atamtoa aliyemwita, kwa kinywa chake."

Harufu ya asumini ikajaa. Bomba likafunguka lenyewe, maji yakanguruma ndani ya sinki kavu, na Daktari Muhidini akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Mbaraka akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke, ya upole kabisa.

"Mimi nimenawa. Wewe je?"

Alikuwa akimtazama Jovina. Na kwenye karatasi, mbele ya macho ya Jovina, vema ya Ijumaa ikaanza kufutika, kisha ya Jumamosi, kisha ya Jumapili, kana kwamba siku hizo hazimhusu tena mgonjwa, na Somoe akaanza kulia bila sauti, na maji yakazidi, yakazidi.

"Sikunawa."

Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti.

"Sikunawa, daktari! Bandeji ya mpira ni ileile ya siku ya upasuaji, sijaigusa. Vema nilizitia Jumatatu, nimekaa. Na za mzee Ussi. Na za mwalimu." Bomba likanyamaza. "Hapakuwa na jini. Nilikuwa mimi. Utoe huo mpira."