Sema Mbio Kama Siku Ile

Mvua ya Suva, huko Fiji, haibishi hodi. Ilimwagika sokoni ghafla, na kijana mmoja mwenye shati la maua akajitosa chini ya mwavuli wa Vasiti, mguu juu ya magimbi yake.

"We kaka, hayo ni magimbi, si ngazi!"

"Samahani, bibie. Nitanunua yote niliyoyakanyaga."

"Umekanyaga moja."

"Basi ngoja nikanyage na mengine."

Vasiti alijitahidi kununa, akashindwa. Ndivyo alivyomjua Iliesa, seremala wa mtaa wa Raiwaqa.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, Iliesa alimweleza mwenyewe. Alikuwa na ugonjwa unaompandisha juu kama tiara, kisha unamwangusha shimoni. Dawa alikunywa kila siku, lakini mara nyingine ulirudi. Na kweli ukarudi: akagawa zana zake zote za kazi, majirani wakamsifu kwa ukarimu, halafu akalala wiki sita akiukodolea macho ukuta. Alipopata nafuu akamwandikia Vasiti karatasi: *Silali. Nasema mbio. Nanunua ovyo. Ukiyaona yote matatu usiniulize, nitakukatalia. Mpigie muuguzi Mereoni.*

Vasiti akaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Jumamosi moja asubuhi simu ikalia.

"Laazizi, umeamka? Vaa lile gauni la buluu! Mimi sijapata hata lepe la usingizi, nimenunua shati, nimenunua mikeka miwili, mama yako anapenda rangi gani? Basi usiniambie, nakuja, usitoke!"

"Iliesa, pole pole..."

"Leo hakuna pole pole, mwanamke we!" Simu ikakatika.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Vasiti alifungua kabati, akasoma, akahesabu matatu, akampigia muuguzi.

Mereoni alimkuta Iliesa nyumbani kwake, ameketi mkekani na wazee wanne wa ukoo wake. Walikuwa wamefika na meli kutoka kisiwa cha Kadavu, naye alikesha gatini akiwangoja. Mbele yao palikuwa na jino la nyangumi, la kwenda kumposea Vasiti kwa baba yake, kama ilivyo desturi yao. Dawa alikuwa amekunywa. Muuguzi aliomba radhi, lakini wazee walishasikia kilichomleta. Mkubwa wao akalifunga jino kitambaani.

"Binti akimwogopa mwenzake, jino halina kazi," akasema. Wakarudi kwao.

Iliesa hakugomba. Afadhali angegomba.

"Ulifanya nilichokuandikia," alimwambia. "Ila siku ile, Vasiti, nilikuwa na furaha tu."

Tangu hapo alimpigia kila asubuhi na kusema taratibu, neno baada ya neno, kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa hadi ukingoni. Miezi mitatu Vasiti alimsikiliza hivyo, na kila simu ilimchoma.

"Habari ya leo, Vasiti. Nimelala vizuri. Dawa nimekunywa."

"Sikukuuliza hayo."

"Najua. Nakuambia usihangaike."

Asubuhi hiyo Vasiti alikuwa amesimama mbele ya kabati, kalamu mkononi. "Kwenye karatasi yako nimekata pale uliposema nisikuulize. Nitakuuliza kwanza."

"Na nikikukatalia?"

"Nitakuja nikutazame machoni, ndipo nimpigie Mereoni." Akafunga kalamu. "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Yamepita hayo."

"Niambie. Tena kwa mbio, kama siku ile."

Jino lilikuwa Kadavu, na wazee hawakuwa wamesema watarudi lini. Iliesa akavuta pumzi, akaanza pole pole, wazee wamefika, jino lenyewe jekundu kama chai, shati limenibana kwapani, baba yako akikataa nalala mlangoni. Maneno yakaanza kukimbia, yakakimbia kweli. Vasiti akafumba macho. Akaibana simu sikioni, hakuikata.