Nyumba Moja, Kiti Kimoja

Walikutana kwenye duka la vitambaa, siku ya msongamano, kila mmoja kashika ncha ya jora lile lile la satini nyeupe.

"Kaka, achia. Nimeliona kwanza."

"Wewe umeliona, dada yangu, mimi nimelishika."

"Mwanamume na satini wapi na wapi?"

"Navalisha viti. Nakodisha maturubai na viti vya harusi. Na wewe?"

"Nashona magauni ya harusi. Ya watu, si ya viti."

Mwanamume akacheka, akaachia. Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi kwa bidii ya mtu asiye na mke. Toka siku hiyo akamwita mshonaji wake Sindano, naye akaitwa Turubai, na mapenzi yakapamba moto kama vile hayajawahi kuunguza mtu.

Tatizo lilikuwa Jumanne. Kila Jumanne mchana Turubai alikutana na wenzake wa kazi za harusi, nyuma ya duka la mpika keki: yeye, mpiga picha, mpambaji na mwenye duka. Kila kazi na mtu wake mmoja. Bibi harusi akija kuulizia keki, anaondoka na picha, maua na viti mia mbili. Sindano, mgeni mtaani, alishona vizuri kuliko wengi, lakini cherehani yake ilishinda imefunikwa kama mgonjwa.

"Nipeleke na mimi, mpenzi. Si hawana mshonaji?"

"Subiri kidogo, kipenzi."

"Kidogo cha leo au cha mwakani?"

"Niamini tu."

Neno hilo, jamani! Mtu akikuomba umwamini ndipo unapoanza kukagua kola yake. Sindano akakagua. Kola ilikuwa na unga wa sukari. Jumanne iliyofuata akapiga simu.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, laini, nyuma yake vicheko.

"Naomba mwenye simu."

"Mikono yake imejaa krimu. Nani mwenzangu?"

"Mwenzako?" Akakata.

Akavaa gauni jekundu lililombana kiunoni, viatu virefu, na wanja wa kugombana. Akaingia chumba cha nyuma ya duka la keki bila kubisha hodi. Turubai alikuwa amesimama dirishani. Kwenye kiti chake alikaa mwenye maturubai wa mtaa wa pili, mshindani wake wa siku zote.

"Karibu, shemeji," alisema mpika keki, mwanamke mzuri, kwa bahati mbaya.

"Shemeji baadaye. Simu za mume wangu unapokea wewe kama nani?"

Mpiga picha akaangua kicheko. "Mume? Kumbe mmeshaoana!"

Sindano akataka sakafu immeze. Mpiga picha akamhurumia. "Dada, sheria yetu ni nyumba moja, kiti kimoja, tusije tukapendeleana kindugu. Huyu anataka kukuoa. Wiki zote hizi anatuomba atoke, uingie wewe. Leo kamleta mwenzake ashike maturubai."

"Na hukuniambia?" Sindano akamgeukia Turubai.

"Ungekataa."

"Ningekataa!"

"Si ndiyo hapo? Mimi wateja wa zamani wananijua. Wewe mikono yako nani anaijua?"

"Na krimu?"

"Alikuwa anaonja keki yenu," akadakia mpika keki. "Ameonja zote, hajachagua."

Sindano akamtazama yule mwanamke machoni, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hakuona kitu. Akatazama tena, kwa usalama. Ndipo akavuta kiti, akakaa.

Mpambaji hakuchelewa kunusa kazi. "Basi harusi ya kwanza ni yenu. Maua yangu, keki hapa, picha kule. Na maturubai..."

Macho yote yakamwendea mshindani, ambaye tayari alikuwa anatabasamu. Bwana harusi chini ya hema la adui!

"Samahani," akasema Sindano. "Anayechagua ni nani?"

"Mteja," akajibu mpambaji.

"Mteja ni mimi." Akamnyooshea Turubai kidole. "Namtaka huyu."

"Nimeingia leo, nimeshanyang'anywa!" mshindani akalalamika.

"Vumilia, kaka. Mabibi harusi wote watakaokuja kupimwa kwangu nitakuletea."

"Wote, Sindano?" Turubai akauliza taratibu.

"Wote. Si wewe uliyetaka kuoa?"