Ganda Lenye Shingo Mpya

Kabla hatujaondoka, wewe unayenisikiliza, hebu fumbua hiki: jina la mzazi wangu liko makalioni, shingo ni yangu mwenyewe, anisomaye kwa nyuma, mbele hunikosea. Mimi ni nani? Usikimbilie kujibu. Ukishindwa utanipa mji, na mji wangu nimeshauchagua. Nipe London, unipe na mto wake, nikae vizuri nikuhadithie habari za watu wawili waliokaribia kuzama kwa kukisoma kitendawili hicho kwa nyuma.

Walitoka Woolwich kwa boti ndogo ya mbao, Januari moja ya baridi kali, wakiteremka mto Thames pamoja na maji yanayopwa. Aliyeshika usukani ni Avtar Singh, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, fundi wa kukereza vyuma. Aliyekaa mbele kuangalia njia ni rafiki yake Muhiddin, mtu wa Unguja, dereva wa basi, ambaye aliikimbia nyumba yao akiwa kijana wa shule, siku za Mapinduzi. Walikuwa wanakwenda kwa Ann, mama wa Kiingereza mwenye shamba kule mto unakokutana na bahari. Kulungu walikuwa wanammalizia ngano yake, na Avtar alikuwa na leseni na bunduki ya kuwapunguza.

Ukungu ukawashukia kabla hawajafika. Ulikuwa mzito hata wa nyuma akawa hamjui wa mbele ila kwa kikohozi chake.

"Muhiddin! Unaona nini?"

"Naona ukungu."

"Na nyuma ya ukungu?"

"Nduguye."

Avtar alikuwa bado anacheka boti ilipogonga. Gogo la gati la zamani lilikuwa limejificha chini ya maji. Lilitoboa ubavu, mbao zikalia, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Avtar alirushwa mbele, mkono wake wa kulia ukapita kwenye ubao uliovunjika, ukachanika toka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Maji yaliingia kwa kasi. Wakaruka nje, maji ya barafu yakawafika kifuani, kisha miguu ikagusa tope. Mbele yao palikuwa na fungu, mgongo mweusi wa tope ulioachwa wazi na maji kupwa. Wakalipanda kwa magoti, wakiburuta bunduki ndani ya mfuko wake na kisanduku cha risasi. Nyuma yao boti ililala ubavu, ikazama.

Muhiddin akavua skafu yake akaufunga ule mkono.

"Kaza."

"Nikikaza zaidi utakatika."

"Kaza, bwana. Damu ni yangu."

Chai ilikuwa imebaki kidogo kwenye chupa, ya iliki, bado ina uvuguvugu. Wakanywa kwa zamu, kifuniko kimoja.

"Nchi kavu iko wapi?" Muhiddin akauliza.

"Kusini."

"Na kusini ni wapi?"

Avtar akageuka huku na huku. Kila upande ulikuwa mweupe. "Dira ilibaki kwa boti."

Muhiddin akajaribu upande mmoja kwa kubahatisha. Hakufika mbali, tope likamshika mapajani, na kila alipojinasua lilimvuta zaidi. Avtar akalala kifudifudi, akamrushia mkanda wa mfuko wa bunduki, akamvuta kwa mkono mmoja mzima huku akitukana Kipunjabi. Alipotoka, kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini.

"Hatwendi kokote," Muhiddin akasema akihema. "Tope hili lina mdomo. Tungoje ukungu uondoke."

"Maji hayatangoja. Yakirudi, fungu hili lote linafunikwa."

Mbali, ndani ya ule weupe, bunduki zikalia: du! du! Muhiddin akasimama kwa mguu mmoja.

"Watu hao!"

"Wawinda bata. Wako huko asubuhi nzima. Ukipiga kelele, upepo unakula. Ukipiga bunduki, watasema ni mwenzao." Uso wa Avtar ukachangamka. "Lakini hii yangu haisemi kama zao. Zao zinabweka, hii inachana. Ann anaijua. Mwaka jana alisema inamchania masikio. Akiisikia inatoka majini, na sisi hatujafika kwake, atajua tumepata shida."

Mfukoni mwa koti lake alikuwa na risasi tatu. Ya kwanza ilikuwa imelowa. Kifyatuo kikagonga, kimya. Ya pili ikapasuka vizuri, sauti nyembamba, kali kama kitambaa kipya kinachochanwa. Wakasikiliza. Hakuna. Akapiga ya tatu. Safari hii, baada ya kitambo, wakasikia kitu kama chuma kinagongwa: mtu anapiga ndoo. Lakini ukungu ulikuwa umeitawanya ile sauti, hawakujua yatoka wapi, na huyo mpiga ndoo naye bila shaka hakujua waliko.

"Amesikia!" Avtar akasema. "Sasa tumwonyeshe njia. Lete kisanduku."

Muhiddin akafungua. Risasi zilikuwa zimepangwa safi, makalio juu, na kila kalio limepigwa muhuri ule ule. Avtar akachomoa moja, akaigeuza. Akachomoa nyingine. Akakaa chini kwenye tope.

Sasa nitakufumbulia. Avtar alikuwa na maradhi yake ya Jumamosi. Nyuma ya nyumba yake pale Woolwich alikuwa na kibanda, na humo alichukua maganda makuukuu ya risasi za bunduki ya jeshi la Waingereza, akayapaka mafuta, akayasukuma ndani ya kalibu ya chuma mpaka shingo ikabanwa ikawa nyembamba. Kisha akatia fataki mpya, baruti, na kichwa kidogo cha risasi. Bunduki yake ameifungia mtutu wa kupokea shingo hiyo tu. Risasi hiyo dukani huipati. Aliiita paka-mwitu, jina la mafundi kwa risasi ya kujitungia. "Mama yake askari," alizoea kusema, "yeye mwenyewe hana jeshi." Lakini muhuri wa jeshi ulibaki palepale makalioni, kwa ganda lililobanwa na kwa lisilobanwa. Muhiddin alipewa kazi moja tu siku ile: achukue kisanduku. Akasoma makalio, akabeba kisanduku cha risasi ambazo hazijabanwa shingo.

"Zote zimeandikwa sawa," Muhiddin akasema kwa sauti ndogo.

"Kalio linasema mama yake ni nani. Shingo inasema yeye ni nani."

"Tuisukume kwa nguvu."

"Haiingii. Na ukiilazimisha ikaingia, mtutu utapasuka usoni mwetu. Hapo hatutahitaji maji kutumaliza."

Maji yalikuwa yameanza. Hayakuja na wimbi. Yaliingia kimya kwenye mifereji ya tope, yakaungana, yakawalamba miguu. Avtar alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu, na skafu imelowa damu. Muhiddin akafunga kisanduku.

"Panda juu yake. Angalau kitufae kwa kitu."

Avtar akapanda. Toka juu pale akaona mkono wa Muhiddin umekwenda kifuani, chini ya sweta, na umebaki hapo.

"Unayo," Avtar akasema.

Alikuwa nayo. Jumamosi moja Muhiddin alileta kibandani ganda moja tupu, jeusi kwa ukale. *Libane na hili.* Avtar akamwuliza, *Umelipata wapi?* Muhiddin akageukia dirisha. Lilipokwisha kubanwa, Avtar akauliza kama alijaze. Muhiddin akaligeuzageuza kiganjani, akasema, *Lijaze. Nimechoka kuliona tupu.* Toka siku hiyo alilivaa kifuani, risasi kamili, na kila Jumamosi Avtar aliuliza umelipata wapi, na kila Jumamosi alijibiwa kwa kikombe cha chai.

"Hii si ya kupiga, Avtar."

"Maji yamefika magotini."

"Ikianguka humu, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki, bwana. Hilo si dogo."

Ndoo ikalia tena, mbali zaidi. Anakwenda upande mwingine. Muhiddin akafumba macho, akasoma kitu midomoni, akaitoa.

"Piga wewe," akasema. "Mimi sijapata kushika bunduki."

Avtar akajaribu. Vidole vya mkono ule havikufunga. "Siwezi. Shika hapa, ikaze begani. Usiogope. Elekeza juu."

Muhiddin akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. "Umesemaje?"

"Juu, nimesema! Juu, kwa mbingu!"

Akaelekeza juu. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Akavuta, na ile sauti nyembamba ikauchana ukungu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Polepole sasa kuifungua," Avtar akamwambia. "Itaruka."

Muhiddin akakinga kiganja, akafungua. Ganda likaruka la moto, likamwunguza, naye akafumba ngumi juu yake asiachie. Ndoo ilikuwa inalia upya, mara hii mfululizo, na inakaribia. Wakapiga kelele. Mmoja aliita kwa Kipunjabi, mwingine kwa Kiswahili, na hakuna aliyekumbuka Kiingereza. Maji yalikuwa kifuani pa Muhiddin, naye amemkumbatia rafiki yake asiteleze juu ya kisanduku, pua ya mtumbwi bapa wa wawinda bata ilipotokeza, Ann amepiga magoti mbele, ndoo mkononi.

"Mlinipa sauti mbili, sikujua niende wapi," aliwaambia baadaye jikoni kwake, akiwafunika mablanketi karibu na jiko la makaa. "Ile ya mwisho ndiyo iliyoniita." Kisha akatoka barabarani kungojea gari la hospitali.

Wakabaki wawili. Hakuna aliyefanya mzaha. Avtar alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa upya kwa shuka, macho yake kwenye ngumi ya Muhiddin ambayo bado haijafunguka.

"Sitakuuliza tena baada ya leo," akasema. "Umelipata wapi?"

Muhiddin akafungua kiganja. Ganda lilikuwa limemwachia alama nyekundu ya mviringo.

"Kizingitini kwetu," akasema. "Asubuhi ile ya Mapinduzi walimtuma kijana mmoja wa jirani aje ammalize baba. Nilikuwa nikicheza naye mpira. Akamsimamisha ukutani, mimi nachungulia kwenye upenyo wa mlango. Akapiga. Baba akaanguka. Walipokwisha kuondoka wote, baba akainuka, mzima. Alikufa hapa hapa London, Avtar, kitandani pake, kichwa cheupe. Jina la yule kijana sijalitaja, wala sitalitaja. Bado yuko kule, na waliomtuma wengine bado wapo. Lakini nilimwona kabla hajavuta."

"Ulimwona anafanya nini?"

"Alielekeza juu."