Dakika ya Kufika

YAHUSU: MAOMBI YA NDOO MOJA YA PLASTIKI, YENYE MFUNIKO, KWA AJILI YA WASHIRIKI WATAKAOTAPIKA

Barua hiyo ilikaa kwa Kamati ya Maadili ya Utafiti wiki sita. Ilipojibiwa, ndoo iliruhusiwa, rangi yake ikaachwa kwa busara ya mtafiti, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mwenyekiti akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo mshiriki asivae miwani ya jaribio zaidi ya dakika ishirini.

Programu ya mtafiti ilikuwa ya dakika ishirini na moja.

Mtafiti alikuwa mwanamke mtaratibu, aliyekuwa akichunguza kwa nini watu wanashikwa na kichefuchefu cha safari hali wamekaa kitako. Mshiriki alivalishwa miwani ya uhalisia pepe, akaona korido ndefu yenye milango pande zote mbili ikimjia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kiti hakikusogea hata unywele. Lakini mwili huyaamini macho, na baada ya muda mshiriki angeapa kwamba anakwenda. Kila dakika aliulizwa: kichefuchefu kiko wapi, kati ya sifuri na ishirini? Katika dakika ya mwisho korido ilipunguza mwendo taratibu, ikasimama mbele ya ukuta mweupe. Pale maabara waliiita dakika ya kufika. Haikupima chochote.

Ndiyo maana akaikata hiyo.

Washiriki thelathini na tisa walikuwa wameshapita kabla ya barua. Wa arobaini alipata udhuru dakika za mwisho, na matokeo yalitakiwa Ijumaa. Mtafiti akampigia simu mdogo wake, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Futi kwa sababu ya utepe wa kupimia usiotoka shingoni.

"Nikitapika je?" Futi aliuliza, akijiweka sawa kitini.

"Ndoo ipo. Imeidhinishwa na watu tisa."

"Basi nitatapika kwa heshima zote, Daktari."

"Sijawa daktari bado."

"Na mimi sijatapika bado. Haya, nivalishe."

Hakutapika. Kila dakika alijibu sifuri, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali. Dakika ya ishirini ilipotimia picha ikakatika, dada yake akamvua miwani.

"Tayari. Umemaliza."

Futi alitazama ukuta, kisha miguu yake.

"Nimemaliza," alisema. "Mbona bado nakwenda?"

Lilikuwa jambo la kawaida. Huisha ndani ya saa moja. Aliandika hivyo kwenye fomu, akampeleka nyumbani kwa mama yao, akamkalisha kwenye kochi.

Jioni mama alimuuliza kama anataka chai. Futi alinyamaza. Mama akaosha sufuria, akatia maji, akawasha jiko. Ndipo kutoka kwenye kochi ikaja sauti ndogo: "Nataka, mama. Ya moto."

Siku ya kwanza ilipotimia, jibu lilichelewa dakika kumi. Ya pili ilipotimia, ishirini. Daktari wa masikio alisema masikio ni safi kabisa, akashauri apumzike. Dada yake alifanya kile anachokijua: alikaa mbele ya mdogo wake na saa mkononi, akaandika. Halafu akapiga hesabu ambayo alitamani isilingane. Tuseme mtu anatembea kwenye korido ile mchana na usiku bila kusimama. Tuseme sauti yake inasafiri kama sauti yoyote, kwenda na kurudi. Angechelewa kujibu kiasi gani?

Dakika kumi kwa kila siku.

Ililingana.

Siku ya nne ilipokuwa inaisha, Futi alisema jambo ambalo hakuulizwa. "Dada, nimepishana na mtu."

"Mtu gani?"

Dakika arobaini akasubiri.

"Sikumwona uso," alinong'ona Futi. "Anakuja huko kwenu. Alikuwa anahesabu milango."

Hapo ndipo alipoandika barua ya pili, akiomba kumwonyesha mshiriki ile dakika iliyokatwa, ili mwili wake uamini kwamba umefika. Kamati haikukawia safari hii. Ilimjibu kwamba mshiriki namba arobaini ameshatumia dakika zake zote ishirini, na kwamba ndoo irudishwe.

Siku ya saba ilipotimia alimrudisha Futi maabara, akamvalisha miwani bila ruhusa. Kwenye skrini aliiona korido ikipunguza mwendo. Ukuta mweupe. Ikasimama. Akakaa sakafuni, akashika goti la mdogo wake, akamuuliza kama amefika, akaangalia saa. Saa nzima ikapita. Na dakika kumi.

"Dada. Nimesimama."

Dada akaanza kulia.

"Nageuka," iliendelea sauti. "Hakuna kinachonibeba sasa, nitakuja kwa miguu yangu. Siku saba tu. Nisubiri."

Kwa kuwa alikuwa mkweli, aliandika ripoti ya alichofanya. Na kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Kamati ilifanya kazi siku ileile: maabara ikafungwa, mlango ukapigwa lakiri, hadi kikao kijacho.

Siku ya nane, jua la jioni likiwa dirishani, Futi aliinuka kwenye kochi. Akajinyoosha.

"Unajisikiaje, baba?" mama aliuliza.

"Vizuri," alijibu. Papo hapo.

Mama alimkumbatia huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Dada alibaki amesimama na kikombe mkononi. Siku nne Futi kwenda, mpaka walipopishana. Siku nne yule mtu kuja.

Yule aliyeinuka alizunguka nyumba nzima, akigusa kila mlango. Midomo yake ilihesabu.

Utepe wa kupimia aliufunga kiunoni, kama mkanda.

Siku ya kumi, baada ya chakula cha mchana, alisinzia kwenye kochi. Mdomo ukafunguka wenyewe. Sauti ikatoka kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima.

"Dada, miguu imevimba. Lakini nakuja."

Macho yakafumbuka. Kiganja kikaziba mdomo haraka, kama mtu anayezuia kwikwi.

Dada akainama karibu. "Wewe ni nani?"

"Niliona kiti kiko wazi," alinong'ona yule.

"Mwenyewe anarudi."

"Najua. Namsikia."

Alimweleza mama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila hasira, "Mwanangu amepona. Wewe unataka augue tena, umalizie kitabu chako." Dada alikwenda kwenye Kamati kuomba maabara ifunguliwe, amvalishe yule miwani, korido imrudishe alikotoka. Karani alimjibu kwa upole kwamba kikao ni Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na tano.

Siku ya kumi na nne walikuwa mezani, watatu. Yule alikuwa anakula. Ghafla akaacha kutafuna.

"Dada, nimefika." Sauti haikuwa ya mbali tena. Ilikuwa ya Futi, iliyochoka, iliyojaa furaha. "Fungua."

Mikono miwili ikaziba mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama.

"Dada." Sasa ilitoka kati ya vidole. "Mbona kuna mtu ndani?"

"Amepaliwa!" mama alipiga kelele, akaanza kumpiga mgongoni. Dada aliruka, akaivuta ile mikono, akaingiza vidole kati ya meno yaliyokazwa. Hayakuachia. Nyuma ya meno kulikuwa na mlio mdogo, kama wa mtu anayepiga mlango kwa viganja.

Kisha yule akameza.

Akaomba maji.

Kamati ilikaa Alhamisi kama ilivyopangwa. Lakiri ikatolewa, vifaa vikahakikiwa, vyote vizima. Isipokuwa karani alieleza kwa maandishi kwamba vioo vya miwani vina ukungu upande wa ndani, mahali kitambaa hakifiki. Mtambo ulikuwa haujachomekwa kwenye umeme wiki nzima. Ukungu ulikuwa ukitanda, ukififia, ukitanda tena, kama wa pumzi za mtu. Mtafiti aliutazama mpaka walipomwomba atoke. Siku iliyofuata haukuwepo.

Jalada lilifungwa kwa sentensi moja: mshiriki namba arobaini amepona bila madhara.

Mshiriki namba arobaini alirudi kwa miguu, siku saba, akakuta mahali pake pamekaliwa.