Mimi, Bibi na Pipi

Wazazi na walimu wenzangu katika kulea, nitegeeni sikio niwasimulie ya fundi cherehani mmoja na kitinda mimba wake.

Asubuhi ile nyumba yao ilikuwa imetulia. Fundi alikuwa akipinda sketi za watu, na bintiye wa miaka tisa, amekaa juu ya robota la vitambaa, akimsomea kitabu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Msimcheke. Mwaka uliopita homa kali ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka, masikio yalikuwa yameziba. Akajifunza kufuata midomo ya watu. Mama yake kabla ya kumsemesha hutema kwanza pini zote, maana midomo iliyobana pini haisomeki.

Mtoto akaenda shule akiimba. Mchana akarudi analia, ana barua mkononi: "Mtoto huyu haelewi. Akae nyumbani hadi ipatikane shule ya wenziwe."

"Wenziwe ndio akina nani?" fundi akauliza. "Si hao hao anaocheza nao kila siku?"

Akafungua daftari la imla. Mwalimu alikuwa amesoma: "Bibi alimpa baba pipi." Mtoto aliandika: "Pipi alimpa mama bibi." Chini yake, kwa wino mwekundu: "Akili hazimo." Darasa lilicheka hadi madawati yakalia, na jina likapatikana papo hapo: Redio Mbovu.

Fundi akasimama mbele ya kioo cha wateja, akatamka polepole. Bibi. Pipi. Mimi. Kisha: mama, baba. Loo! Midomo ilifanya kitu kilekile.

Kesho yake akaenda shuleni. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano, na mbele ya walimu ulimi wake hufunga fundo. Mwalimu alimpokea mlangoni mwa darasa huku akizisokota sharubu zake, fahari yake ya miaka kumi.

"Mama, usinione mbaya. Nina watoto sitini. Mimi watoto wa namna hii sikuwasomea."

"Hata mimi sikuwasomea, mwalimu. Nimeletewa tu. Naomba dakika moja. Ziba masikio."

Ili yaishe, mwalimu akatia vidole masikioni. Fundi akatamka neno bila kutoa sauti.

"Mimi," mwalimu akajibu.

Fundi akatikisa kichwa, akamwashiria azibue. "Nimesema bibi. Ziba tena."

"Haya. Hilo ni bibi."

"Hilo ni pipi, mwalimu."

"Baba!" mwalimu akabahatisha mara ya tatu.

"Mama."

Watoto walikuwa wamejazana dirishani. "Mwalimu kapata sifuri!" mmoja akapiga kelele.

"Na hapo nimekutazama usoni," fundi akasema taratibu. "Wewe unamsomea huku umegeukia ubao. Tena mimi sina sharubu."

Mwalimu akazigusa sharubu zake. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba barua isimamishwe. Akapewa hadi mwisho wa mwaka: mtoto akifeli imla, ataondoka.

Jumatatu darasa halikumtambua mwalimu wao. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe pe, hauna hata unywele. "Masikini, kaibiwa!" wakanong'ona. Hakujibu. Akasogeza dawati la Redio Mbovu mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia mwalimu usoni, na akaacha kuzungumza na ubao. Kwa yale maneno mapacha, darasa likatunga ishara: bibi, unapinda mgongo; mama, kiganja kifuani; baba, unashika kidevu; pipi, ulimi unavimbisha shavu. Waliomcheka ndio waliogombania kumfundisha. Na hata wa nyuma, wenye masikio mazima, wakaanza kupata maksi ambazo hawakuwahi kuziota.

Siku ya matokeo wazazi walikusanyika uwanjani. Fundi alijificha nyuma ya wenzake. Mwalimu mkuu akasoma majina, kisha akasema: "Imla, sentensi ishirini. Binti wa fundi cherehani, kumi na tisa. Anapanda darasa."

Mwalimu akatoka mstarini. "Wazazi, barua ile niliiandika mimi. Aliyekuwa haelewi si mtoto. Ni mimi."

Wanafunzi hawakupiga makofi, maana mwenzao asingeyasikia. Walinyanyua mikono yote juu, wakaipunga. Mtoto akageuka, akaiona, naye akapaza sauti yake kubwa: "Mama, nimepanda!" Fundi akasukuma watu kushoto na kulia hadi mbele, aibu yote imemtoka, akambeba.

FUNZO

Mwalimu, usisubiri cheti cha elimu maalumu ndipo umpokee mtoto mwenye ulemavu. Utayari huanza kwa kugeuka umtazame, na kumuuliza mzazi anayeishi naye. Mzazi, usinyamaze kwa sababu ulisoma kidogo. Unalolijua wewe juu ya mwanao halimo kitabuni. Na kabla hatujaandika kwamba mtoto haelewi, kwanza tujiulize kama sisi tumeeleweka.