Suti ya Marehemu Wote

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Hadithi ya majini yafaa isimuliwe na mtu mwembamba mwenye sauti nzito, aliyekondeshwa na kufunga na kuomba. Mimi nina kitambi, na pale pa kuogofya ndipo hunishika kwikwi. Lakini mwenye yaliyompata, Kang'ethe fundi wa picha wa Kitale, amechoka kiasi kwamba ukimwuliza anakutazama tu kama unamwomba akubebe. Basi nivumilieni.

Kang'ethe alichoka kabla jini hajaja. Miaka thelathini na minne ya kuambia watu "inua kidevu kidogo" humaliza mtu. Siku hizi kila mmoja ana kamera mfukoni, na studio yake ya pale karibu na soko iliishi kwa vitu viwili: picha ndogo za pasipoti na picha za marehemu. Familia huja na kitambulisho kilichochakaa, marehemu amekodoa macho ndani ya fulana iliyotoboka, wakasema, "Mzee, mvalishe." Naye humvalisha. Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na suti moja nyeusi, kola pana, tai ya mistari, haina kichwa. Uso wa marehemu anauketisha juu ya kola, anasawazisha shingo, kazi imekwisha. Kutoka kijiji cha Kwanza hadi Malakisi, wakulima, madereva, walimu, hata mzee mmoja aliyeapa hatavaa tai hadi afe, na kweli akangoja hadi akafa, wote walisindikizwa kaburini na suti hiyo hiyo. Ukihudhuria mazishi mengi ungedhani ni ukoo mmoja wenye fundi cherehani mmoja.

Jumatatu moja ya mvua skana yake, mashine ya kusomea picha ziingie kwenye kompyuta, ilikufa. Taa ilipepesa mara mbili, ikakohoa, ikazima. Jumanne yake akaingia Gathoni.

Gathoni ni mama wa Kwanza aliyepita themanini, mkulima wa mahindi, mwenye ulimi wa kukata nyasi. Alifungua leso akatoa kipande cha filamu, picha nne, hazijawahi kuchapishwa.

"Kang'ethe wa picha," alisema, "huyu ndani ni Kabiru, mume wangu. Nyumba ilipoungua, picha zote zilienda nayo. Hii ilibaki kwa kamera ya jirani. Mwaka huu jirani amekufa, watoto wake wakaniletea."

Kang'ethe aliinua filamu dirishani. Kwenye moja tu kati ya zile nne alimwona mwanamume mwenye sweta mbele ya stoo ya mahindi, uso mweusi na meno meusi, kama filamu inavyogeuza watu.

"Nitakutolea kubwa, Shosho. Mwezi ujao."

"Mwezi ujao utaniimbia hiyo picha? Jicho la kushoto limeenda. La kulia daktari amesema ni wiki mbili, labda moja. Sasa hivi nakuona kama kupitia tundu la sindano, na si hasara kubwa. Lakini Kabiru nataka nimwone. Mara moja tu, Baba. Nimeanza kusahau pua yake."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Kang'ethe alifunga duka akaenda Bungoma kutafuta skana.

Dukani kwa Rajvinder, muuza kompyuta, kulikuwa na skana mpya tatu, nyembamba kama chapati. Kang'ethe alifunua kifuniko cha kila moja, akachungulia chini yake, akafunika.

"Rajvinder, hizi hazina taa juu."

"Ni za karatasi, mzee. Karatasi unaimulika kutoka chini, inatosha. Filamu inataka mwanga uipite kutoka juu. Ukiiweka hapa itatoka nyeusi tu, kama sufuria ya githeri."

"Yenye taa kwa kifuniko?"

"Naagiza Nairobi. Wiki tatu."

"Sina wiki tatu. Kuna mtu ana moja?"

Rajvinder alikuna ndevu. "Mama Sumitra bado ana ile ya marehemu Umesh. Taa juu, taa chini, kioo kikubwa. Lakini bana..."

"Lakini nini?"

"Hakuna. Ni nzito tu."

Umesh ndiye aliyemfundisha Kang'ethe kazi, miaka ile studio ya Bungoma ilipokuwa na foleni hadi barabarani. Mjane wake, Sumitra, hakutaka hata shukrani. Alimwonyesha mashine chini ya shuka. "Chukua, Kang'ethe. Mimi nimechoka nayo." Kang'ethe hakuuliza amechoshwa vipi na kitu kisichokula. Aliipakata mapajani hadi Kitale, na njiani kote ilikuwa na joto, joto la mtoto aliyelala, ilhali haikuwa imeguswa na umeme tangu Umesh afe.

Asubuhi aliiwasha. Ili usome filamu sharti uchomoe godoro jeupe lililo chini ya kifuniko, taa ya juu ipate nafasi. Alipolichomoa, nyuma yake kulikuwa na picha ya karatasi iliyobandikwa kwa utepe: suti nyeusi, kola pana, tai ya mistari. Kichwa kimekatwa kwa mkasi. Ndiyo karatasi ambayo Umesh aliisoma kwa skana hii hii, akampa Kang'ethe suti kama zawadi ya kufungua duka.

"Aisee, bado uko?" Kang'ethe alisema, akaitupa kwenye droo.

Kisha akaweka filamu ya Gathoni. Mashine ilivuma, mwanga ukatambaa polepole chini ya kifuniko, na kwenye skrini akaja Kabiru: viatu vya matope, suruali, sweta, kila uzi wake. Juu ya shingo ya sweta hapakuwa na kitu. Mbao za stoo ziliendelea nyuma, moja baada ya nyingine, pale uso ulipopaswa kuwa.

Alifuta kioo, akasoma tena. Safari hii sweta lilikuwa limeota kola. Akasoma mara ya tatu, na sasa ilikuwa suti kamili, na mwenye suti alikuwa amesogea hatua moja mbele.

Akachomoa filamu akaipeleka dirishani. Uso wa Kabiru, ule mweusi wenye meno meusi, ulikuwa umefifia, kama mvuke unaotoka kwenye kioo. Hapo ndipo alipoelewa. Kila alipojaribu, mashine ilikuwa ikimla. Ulibaki labda mlo mmoja.

Alikaa siku hiyo na iliyofuata bila kugusa kitu. Gathoni alipiga simu mara mbili. "Naja Jumamosi," alisema mama. "Tundu la sindano linazibika."

Alhamisi jioni mvua ilinyesha na umeme ukapotea soko zima. Agneta, muuza chai wa mlango wa pili, mwenyeji wa Malakisi na kiongozi wa maombi kanisani kwao, alikuwa ameingia kumletea chai. Ndipo mashine ikaanza kuvuma.

"Mzee," Agneta alinong'ona, "si stima imeenda?"

"Imeenda."

"Sasa hiyo kerere ni ya nini?"

Kang'ethe aligeukia mashine: mwanga ulikuwa umewaka ndani ya kifuniko kilichofungwa na unatembea, unaenda na kurudi kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi chini ya kitanda, na pamoja nao ikaja harufu ya naftalini, kisha ya sufu iliyoloa, suti iliyokaa sandukuni miaka mingi ikatolewa ikanyeshewa, na nyuma ya harufu ikaja sauti ndogo, ya pumzi, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu ya soda, na ilimchukua Kang'ethe muda mrefu, huku chai ikimmwagikia vidoleni asisikie moto wake, kuelewa kwamba hiyo ni sauti ambayo pumzi ya mtu ingeitoa kama ingepitia shingoni moja kwa moja bila kukuta mdomo.

Agneta alipandisha mkono. "Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Fuu, ikajibu. Karibu zaidi.

Agneta aliteremsha mkono polepole. "Mzee, huyu hana mdomo. Mimi nafukuzaga wale ya kuongea."

Stima ikarudi ghafla, na printa, ambayo hakuna aliyeiamuru, ikatema karatasi. Mwenye suti sasa alijaza picha yote, tai hadi mikono. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja juu, umetulia, hauna hasira.

Agneta aliutazama sana. Ameuza chai miaka ishirini, anaijua mikono. "Huyu si wa kufukuzwa," alisema. "Huyu ni kastoma. Amekuja kuchukua kitu yake. Ni nini yake uko nayo?"

Na hapo, jamani, Kang'ethe akakumbuka. Si uso. Uso hakuukumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomwuma. Alikumbuka mkono. Kijana mmoja, alipokuwa bado fundi wa Umesh, alikuja kupigwa picha katika suti yake ya kwanza, siku chache kabla ya kusafiri kwenda kazini mbali. Siku hiyo kulikuwa na mzee wa kuzikwa kesho yake, hana picha ya heshima, familia inalia mlangoni. Kang'ethe alitazama rafu, akaona picha ya kijana inakauka, suti nzuri, akaikata kichwa ili amvalishe mzee. Filamu ya picha hiyo ilikuwa imeharibika kwa dawa, hangeweza kutoa nyingine. Kijana akaja, akanyoosha mkono. Kang'ethe akasema neno wanalolisema mafundi wote wa nchi hii: "Njoo kesho." Kesho akaja. "Njoo kesho." Alikuja mara tatu. Ya nne hakuja, na habari zilizofuata zilikuwa za ajali, na za jeneza lililowekewa maua mahali pa picha.

Ijumaa alfajiri alikuwa Bungoma, mlangoni kwa Sumitra, ile karatasi ya suti mfukoni.

"Umemsikia akipuliza," Sumitra alisema. Hakuwa anauliza.

"Mama, wewe ulijua?"

"Kila msimu wa mvua. Mwanzoni niliita fundi wa mabomba." Alivuta pumzi ya mwanamke aliyemzika mume na bado akabaki na wageni wake. "Unataka vichwa?"

"Vichwa?"

Alileta mkebe wa biskuti. "Umesh alisema, chochote unachokata, kichwa cha mtu hakiendi takataka." Ndani mlikuwa na vichwa vya karatasi, sitini au zaidi, wanaume na wanawake, wakitazama juu wote kwa pamoja kama vifaranga.

Kang'ethe alivimwaga mezani. Suti ile ameitazama kila siku miaka yote hii, anaijua vifungo, anaijua hadi mkunjo wa bega. Lakini uso wa mwenye suti aliupita mara tatu kati ya nyingine bila kuujua. Mwishowe aliacha kutazama nyuso, akatazama shingo. Yeye hukata kwa mkono wa kushoto, na mkasi wa Umesh ulikuwa wa kulia, hivyo kila alichokata kilipinda upande. Akajaribu kimoja kimoja juu ya kola ya ile karatasi, hadi kimoja kikakaa pasiachwe hata upana wa unywele.

Kijana wa kawaida. Masikio makubwa. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayejua picha itatoka vizuri.

"Mungu wangu," Kang'ethe alisema, na akaketi chini.

Jioni hiyo, akiwa Kitale, alikoroga gundi ya unga wa ngano kama alivyofundishwa, akaunganisha kichwa na suti, akalaza karatasi kwenye kioo. Hakuhitaji kuwasha. Mwanga ulipita mara moja, taratibu, na ile pumzi ya chupa ikaanza, ikapanda, kisha ikabadilika, ikawa pumzi ya kawaida, ya puani.

"Picha yako iko tayari," Kang'ethe alisema. "Nisamehe, ndugu. Leo ndiyo kesho."

Pumzi ikanyamaza. Naftalini ikaisha hewani. Akaifuta suti ndani ya kompyuta, ile ya marehemu wote. Kisha, kwa mlo ule mmoja uliobaki, akaweka filamu ya Gathoni. Akageuka asiangalie. Alipogeuka tena, Kabiru alikuwa mbele ya stoo yake, ndani ya sweta lake, na pua yake yote.

Jumamosi Gathoni alikuja akipapasa ukuta. Kang'ethe alimpa picha kubwa kama sinia. Mama aliileta karibu hadi ikagusa kope, akaanza kuisogeza kidogo kidogo mbele ya jicho la kulia, kama anayesoma barua: viatu, sweta, shingo. Kwenye uso akasimama. Akasimama kabisa.

"Ni yeye," alisema hatimaye. "Tazama. Mfuko umevimba. Na alikuwa ameniapia ati ameacha sigara. Mwongo huyu!" Akacheka hadi machozi yakalowesha karatasi, na Kang'ethe naye, bila kujua ni uchovu au ni furaha, akalia kidogo nyuma ya kaunta. Mama alitazama kwa dakika nzima, akimkariri. Kisha akauliza kwa upole:

"Na huyu mwingine nyuma yake, mwenye suti na masikio, ni nani? Anatabasamu vizuri."

Kang'ethe alitazama. Aliona mbao za stoo tu.

"Ni kastoma, Shosho," alisema.

Siku hiyo hiyo aliamua kuizika ile mashine. Alikuwa ameshachimba shimo nyuma ya duka wakati mjinga mmoja alipopita, akamwambia kuwa mashine nzuri hivyo kuizika ni dhambi, akaibeba kwenda kutengenezea mabango ya maonyesho yake ya vichekesho. Mjinga huyo ni mimi. Mabango yote yametoka na watu wawili, mimi na kijana mwenye masikio, na sasa kila ninapoteremka jukwaani watu hunishika mkono, wananiuliza yule mwenzangu anayechekesha atapanda lini.