Misonobari Iliyokuwa na Kiu

Asubuhi ile mama alikuwa akifagia ua, na mumewe alikuwa barazani akipiga ubao randa. Mumewe alikuwa seremala. Watu walimwita Fundi Rula, kwa kuwa rula haikumtoka mfukoni. Alipima kila kitu, hata chai.

"Leo umenipunja," alisema, akichungulia kikombe.

"Mshukuru Mungu kwa hiyo iliyomo. Siku moja utanipima na mimi."

"Nilikupima kwa macho siku nilipoleta posa. Ukatosha."

Mama akacheka. Lakini alipoinua macho, kicheko kikamkatika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima, na juu yake msitu wao mdogo wa misonobari, ile miti yenye majani membamba kama sindano. Waliipanda kwa mikono yao ili wawaachie watoto. Sasa msitu ulikuwa na madoa mekundu kama kutu. Wiki iliyopita ilikauka miti mitatu. Leo mama alihesabu saba.

"Baba watoto, msitu unatuishia."

"Ni ukame tu. Mvua ikinyesha tutajazia mapengo."

Hapo ndipo walipokosea. Fundi Rula aliipanda miti yake hatua moja moja, kwa kamba, mistari imenyooka. Hakupenda kuona nafasi imekaa bure. Kila mti ulipokufa, alichomeka miche miwili pale pale. Mama ndiye aliyebeba maji ya kuimwagilia. Walijazia hivyo miaka mitatu, na kila mwaka iliyokauka ilizidi.

Safari hii mama hakungoja mvua. Alikwenda mtaa wa pili kumwita Bibi Misitu, mtaalamu wa miti.

Bibi Misitu alikuja na msumeno. Aliingia msituni kwa ubavu, maana hapakuwa na pa kupita. Akabandua gome la mti mkavu. Ndani kulikuwa na mifereji, na vidudu vyeusi, vidogo kama punje za mchele.

"Kumbe adui ndiye huyu!" alisema Fundi Rula. "Tumpulizie dawa."

"Polepole, baba. Huyu yupo siku zote. Mti ulioshiba maji una utomvu mwingi, ule unaonata. Mdudu akitoboa, utomvu unamsukuma nje. Mti wenye kiu hauna utomvu, basi mdudu anaingia kama kwake."

"Lakini miche naimwagilia," alisema mama.

"Najua, mama. Ila mizizi ya miti mikubwa iko hapo hapo chini. Mvua ya huku ni haba. Yote inagombea tone moja. Ipunguzeni."

Fundi Rula akakunja uso. "Yaani nikate miti ili nisikose miti? Hesabu gani hiyo?"

Bibi Misitu hakubishana naye. Alikata mti mmoja mkavu, akamwonyesha kisiki. "Wewe ni fundi wa mbao. Kila pete ni mwaka mmoja. Isome."

Fundi Rula akapiga magoti, akatoa rula. Pete za katikati, za miaka ya utoto wa mti, zilikuwa pana. Kisha zikaanza kubanana. Za mwisho hazikupimika, zilikuwa nyembamba kama uzi.

Akairudisha rula mfukoni. "Mti huu ulikuwa na njaa miaka yote hii," akasema. "Nami naongeza walaji tu. Haya, tuache umbali gani?"

"Kwa ukavu wa hapa, hatua tano hadi sita. Acheni minene yenye vilele vya kijani. Kateni iliyodumaa. Magogo mabichi yatoeni haraka au myamenye magome, mdudu asizaliane humo. Na matawi makavu myaondoe, moto usipate njia."

Kesho yake mama alichana shuka kuukuu, akaanza kufunga vitambaa kwenye miti ya kubaki. Fundi Rula akamfuata nyuma, naye akifunga.

"Huu tuuache, umenyooka."

"Na ule?"

"Na ule pia."

"Mzee, unaifunga yote! Shuka likiisha utavua shati?"

Fundi Rula akakaa chini. "Basi chagua wewe. Mimi nitafumba macho nikate."

"Ukifumba macho utakata mguu."

Mama alisimama mbele ya kila mti, akamwomba Mungu amwongoze, akachagua. Walitoa mingi, wakabakiza michache. Majirani wakawacheka: "Fundi Rula kanyoa kilima!" Mama akawaacha waseme.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Kisha ukame ukarudi, mkali kuliko ule wa kwanza. Kila asubuhi mama alipanda kilimani kuikagua miti. Siku moja aliona tone nene la utomvu kwenye shina, rangi ya asali. Katikati yake kidudu cheusi kilikuwa kimenasa, miguu juu. Mti wenyewe ulikuwa wa kijani hadi kileleni.

"Baba watoto! Njoo uone!"

Fundi Rula alifika akihema. "Umekauka?"

"Umejitetea."

Aliinama, akakigusa kidudu kwa ncha ya ukucha. "Kafa?"

"Kafa kabisa."

Fundi Rula akavua kofia. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha wakaendelea kuikagua mingine, wakitembea bega kwa bega.